Kuwaombea Wenzetu Kanisani kwa Kina: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa kwenye ibada za jumuiya, kwenye benchi nje ya kanisa baada ya mnada wa sadaka ya mazao, na mara nyingine njiani, mtu akitoka soko la Mwanjelwa na mzigo wake kichwani. Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika ulio upande wa Uyole, Mbeya. Si mchungaji, wala sikusomea theolojia. Nimeandika kwa sababu naumia nikiona watu wamekaa benchi moja miaka kumi na hakuna anayejua mwenzake amebeba nini. Aya za Biblia nimezitoa kwenye Union Version, ile ambayo wengi wetu tunayo nyumbani.

Kumwombea mwenzangu "kwa kina" ni kufanya nini hasa?

Ni kumwombea mtu unayemjua, kwa jambo unalolijua, na kuendelea mpaka ujue limeishia wapi.

Wengi wetu tunaomba hivi: "Bwana, wabariki wapendwa wote, wagonjwa uwaponye, wasafiri uwafikishe salama, wajane na yatima uwakumbuke." Si sala mbaya, na Jumapili kanisa linaihitaji. Lakini ukiwa peke yako chumbani, kuomba hivyo kila siku ni kama kusalimia kijiji kizima ukiwa juu ya lori. Umepunga mkono, lori limepita.

Hili nilifundishwa jikoni. Ilikuwa mwezi wa saba, ile baridi ya kuuma vidole, nikaenda kurudisha sufuria kwa mama mmoja wa jumuiya yetu, mjane, mwenyeji wa Rungwe. Nilimkuta amekalia kigoda anapukuchua maharage kwenye ungo. Kando yake, mbali kidogo na moshi, palikuwa na kaunta buku lililofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kabla sijaketi akaniuliza, "Baba, yule mkwe wako aliyekuwa anasumbuliwa na presha, alijifungua salama?" Nikakosa la kusema. Mkwe wangu alikuwa amejifungua miezi mitatu nyuma. Nilikuwa nimelitaja jambo lile mara moja tu kwenye jumuiya, wakaniombea, mtoto akazaliwa, nikasahau kurudi kusema. Yeye alikuwa bado anaomba. Akalifungua lile daftari, akautafuta mstari kwa kidole chenye vumbi la maganda, akaandika kwa penseli: "Wa kike. Asante." Kisha akarudi kwenye maharage yake.

Tangu siku ile sijaweza tena kusema "tutakuombea" halafu nikaondoka tu.

Nataka kumwombea mtu lakini nikishasema "mbariki" maneno yanaisha. Nianzie wapi?

Anzia kwenye sala ambazo Paulo aliwaombea watu wa makanisa. Ziko Waefeso 1:15-19 na 3:14-19, Wafilipi 1:9-11 na Wakolosai 1:9-12. Zisome polepole, kisha pale palipoandikwa "ninyi" weka jina la mtu.

Tazama Wafilipi: "Na hii ndiyo dua yangu, kwamba pendo lenu lizidi kuwa jingi sana, katika hekima na ufahamu wote." Sasa chukua kijana mmoja wa kwaya, amekopa pesa akalima viazi, bei ikaanguka wakati wa kuvuna, na sasa anakwepa watu. Sala ya haraka ni "Bwana, mfungulie milango ya fedha." Omba hivyo, ana deni kweli. Lakini nenda mbele: Bwana, upendo wake usipungue kwa sababu ya aibu hii. Mpe ufahamu ajue ni nani wa kumwendea na kumwambia ukweli. Asianze kumdanganya mkewe kuhusu kiasi cha deni. Mpe hekima akatae mkopo wa pili wa kulipia wa kwanza. Awe na moyo safi mpaka siku ya Kristo, kama aya inayofuata inavyosema.

Unaona, maneno hayakuisha. Yalikuwa yanaisha kwa sababu tulikuwa tunaomba kuhusu mfuko wake, na yeye mwenyewe tulikuwa tumemwacha nje.

Jambo moja hunigusa kila nikisoma Wakolosai. Watu wale Paulo alikuwa hajawahi kuwaona kwa macho. Anasema hivyo mwenyewe katika sura ya 2:1. Habari zao alizipata kwa Epafra, mtu wa kwao. Akaandika kwamba tangu siku ile aliposikia habari zao, "hatuachi kufanya maombi na dua kwa ajili yenu." Alisikia kwanza. Ukitaka kuomba kwa kina, kuna kazi ya masikio inayotangulia kazi ya mdomo.

Kwa hiyo tusiombee magonjwa, kazi, ada na mvua?

Tuombee, bila aibu. Yohana anamwandikia Gayo kwamba anaomba afanikiwe katika mambo yote na kuwa na afya yake, kama vile roho yake ifanikiwavyo. Yakobo anaagiza wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta. Mtu ambaye mahindi yake yamekauka kabla ya kubeba hahitaji kuambiwa kwamba shida yake si ya kiroho.

Ninachosema ni kwamba usiishie hapo. Mgonjwa anaweza kupona mguu akabaki na uchungu moyoni dhidi ya ndugu ambao hawakuja kumtazama hospitali. Waefeso 3:16 inaomba mtu "kufanywa imara kwa nguvu, kwa kazi ya Roho wake katika utu wa ndani." Mguu uombee, na utu wa ndani uuombee.

Usharika wetu una mamia ya watu. Nitawaombeaje wote?

Hutaweza peke yako, na hukuitwa kufanya hivyo peke yako.

Hapa nipeni nafasi nisimulie kidogo, maana habari hii inatuhusu watu wa nyanda hizi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1727 kulikuwa na kijiji kidogo cha Wakristo wakimbizi huko Herrnhut, Ujerumani, kwenye ardhi ya bwana mmoja aliyeitwa Zinzendorf. Walikuwa wamegombana sana wao kwa wao. Tarehe 13 Agosti mwaka ule, katika ibada ya Meza ya Bwana, walipatanishwa kwa namna waliyoikumbuka daima. Wiki mbili baadaye, tarehe 27 Agosti, wanaume 24 na wanawake 24 walikubaliana kugawana saa za siku, ili isipite saa moja ya mchana wala ya usiku bila mtu kuomba. Zamu ile walirithishana kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1732 watu wa kijiji hicho wakaanza kutumwa ng'ambo, na mwaka 1891 wamisionari wa kanisa lao, yaani Wamoraviani, wakafika Rungwe. Kwa hiyo ukiingia kanisa lolote la Moraviani kuanzia Tukuyu mpaka Mbozi, umeingia kwenye tunda la watu waliogawana saa.

Angalia hesabu yao. Hakuna aliyebeba saa 24. Kila mmoja alibeba saa yake.

Basi fanyeni hivyohivyo. Jumuiya zetu nyingi zina kaya kumi na tano, ishirini hivi. Tuseme watu wazima ni sitini. Andika majina yote kwenye daftari, kila siku chukua mawili, mwezi ukiisha umewapitia wote. Watu wawili kwa siku unaweza kuwaombea kwa kituo, hata ukiwa na dakika kumi tu. Halafu juu ya hao, chagua watu watatu wa kuwabeba kila siku kwa mwaka mzima. Mmoja awe mtu ambaye hakuna anayemfikiria: yule anayekuja amechelewa, anakaa nyuma kabisa, na kutoka kabla ya matangazo.

Mimi naamka saa kumi usiku kuwahi mzigo sokoni, narudi nimechoka. Muda wa maombi marefu siupati.

Sikulaumu. Yule mama wa kaunta buku alikuwa anaombea watu huku mikono iko kwenye maharage. Mwingine kwetu ni dereva wa bajaji. Ameniambia kwamba kila akipita karibu na nyumba ya mtu wa kanisani humtaja mbele za Mungu, sentensi moja, akakanyaga mafuta. Wanaochuma chai kule Mufindi na Rungwe wanajua jinsi mikono inavyoweza kufanya kazi saa nzima huku moyo uko huru kwenda unakotaka. Upeleke kwa mtu.

Ila usiache kabisa kutafuta nafasi ya kukaa chini. Hata robo saa, Jumapili jioni, mlango umefungwa, simu imezimwa.

Mtu akiniambia "niombee", nimwombee palepale au nikifika nyumbani?

Palepale, kama yeye mwenyewe hatajisikia vibaya. Hata stendi ya Kabwe, hata mbele ya kibanda cha M-Pesa. Sauti ya chini, sentensi tatu nne, hakuna anayegeuka. Kisha muulize jambo moja: "Nikukumbuke siku gani hasa?" Kama kesi yake ni Alhamisi, unaandika Alhamisi. Ijumaa unampigia.

Usipompigia, afadhali usingemuuliza.

Naogopa. Mara nyingi "tumwombee fulani" huwa ni mwanzo wa umbea. Tufanyeje?

Una haki ya kuogopa. Hili nalijibu nikiwa na jeraha nililolisababisha mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita ndugu mmoja alinijia usiku. Alikuwa ameokoka, ameacha pombe miaka minne, watu wote wanajua ushuhuda wake. Masika yale ulanzi, ile pombe ya mianzi, ulikuwa mwingi, alikwenda kwa wakwe zake mkoani Iringa, akanywa. Siku ya kwanza kidogo, ya pili akalewa kabisa. Alilia mbele yangu kama mtoto. Nilimwombea, akaondoka amepata nafuu. Alhamisi kwenye kikundi cha maombi, watu tisa tu, wote waaminifu, nikasema: "Tumkumbuke ndugu yetu, jina silitaji, aliyeacha pombe na sasa amerudi nyuma." Sikulitaja jina. Nilidhani nimekuwa mwangalifu. Lakini katika usharika wetu ni wangapi waliokuwa na ushuhuda wa kuacha pombe? Jumapili alipoingia kanisani akasikia kimya kile ambacho kila mtu hukitambua, akajua. Hakugombana na mimi. Aliacha tu kuja. Baadaye akahamia kwingine na familia yake.

Nilimfuata nikamwomba msamaha, na alinisamehe kwa maneno. Moyoni mwake siwezi kuona. Yumo kwenye daftari langu, ukurasa wa kwanza.

Kwa hiyo haya ninayoyasema sasa nimeyalipia. Siri ya mtu usiipeleke kwenye kikundi bila yeye kukubali, na akikubali, mwambie ni maneno gani utakayosema, yeye ayapitishe. "Ana jambo zito, tumwombee" inatosha. Mungu hahitaji kuelezwa na sisi kilichotokea kwa wakwe. Kama unajiona una hamu ya kusimulia kuliko hamu ya kupiga magoti, nyamaza kwanza, upige magoti. Na kwenye vikundi vya WhatsApp vya jumuiya usiandike kabisa mambo ya ndani ya mtu, kwa sababu ujumbe ukishatumwa unaweza kufika Makambako kabla hujaweka simu mfukoni.

Yakobo 5:16 inasema, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Watu wanaposikia kwamba kwetu ukiungama unasambazwa, wanaacha kuungama, na kuponywa nako kunakoma.

Mtu akiniambia ana virusi vya UKIMWI, nimwombee vipi?

Kwanza utunze siri, kama nilivyosema hapo juu, na hapa mara mbili. Mikoa yetu imebeba mzigo huu kuliko mingine: utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati kwa nchi nzima ni 4.4. Maana yake ni kwamba katika karibu kila benchi la kanisa la Njombe yupo mtu anayeishi na virusi. Tusiombe kama vile watu hao wako mbali, nje ya ukuta.

Pili, kamwe usimwambie aache dawa kwa sababu ameombewa. Nasema hili kwa uzito wote nilio nao. Dawa za kufubaza virusi, akizimeza vizuri, humfanya aishi maisha marefu, aweze kuzaa mtoto asiye na maambukizi, na virusi vikifubaa kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake. Mwombee asizichoke. Mwombee siku za kwenda kliniki, nauli ipatikane, na asikutane na dharau pale dirishani. Mwombee namna ya kumwambia mwenza wake, kama bado hajamwambia, maana mara nyingi hilo ndilo linalomkosesha usingizi kuliko ugonjwa wenyewe.

Nimwombeeje mtu wa kanisani aliyenikosea? Siwezi hata kulitaja jina lake.

Anza kwa kusema hivyohivyo: "Bwana, siwezi kulitaja jina lake." Hiyo ni sala. Kesho lirudie. Siku moja jina litatoka.

Kitabu cha Ayubu kina jambo ambalo watu hulipita haraka. Rafiki zake walimwumiza kwa maneno sura nyingi, na mwishoni Mungu anawaambia wamwendee Ayubu awaombee. Sura ya 42:10 inasema Bwana aliugeuza uteka wa Ayubu alipowaombea rafiki zake. Alikuwa bado na majipu yake, kwa jinsi ninavyoisoma habari ile. Hakungoja apone kwanza.

Na kuna maombi ambayo ninakataa kuyaitikia "amina". Siku hizi utasikia mtu anaomba dhidi ya Mkristo mwenzake: apigwe, aanguke, biashara yake ifungwe, ajue kwamba Mungu yupo. Tofauti ya maombi hayo na kwenda kwa mganga kumtafutia mtu ubaya mimi siioni. Kama amekudhulumu shamba, nenda kwa wazee, nenda baraza la ardhi, tafuta haki yako mchana kweupe. Magotini omba atubu, na wewe usije ukageuka ukafanana naye.

Mchungaji na mwinjilisti tuwaombee nini?

Paulo mwenyewe, Waefeso 6:19, aliomba aombewe apewe usemi, na kinywa chake kifumbuliwe. Kwa hiyo hubiri lake liombee kuanzia Jumatatu, si Jumapili saa tatu. Lakini mchungaji ana nyumba pia. Mwinjilisti wa mtaa wa mbali huko Makete anaweza kupanda milima miwili kwa miguu kumzika mtu, na posho yake haijafika. Ombea ndoa yake. Ombea watoto wake, ambao kila mtu anawakodolea macho. Ombea awe na rafiki mmoja ambaye anaweza kumwambia amechoka. Kisha mpelekee debe la mahindi.

Naweza kuomba kwa kilugha?

Ndiyo. Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe, Kibena, Kikinga, chochote ulichonyonya. Kuna watu ambao Kiswahili chao cha maombi ni cha kukariri kutoka mimbarini, ila ukiwasikia wakimwombea mtu kwa lugha ya mama, unasikia mtu anazungumza na baba yake.

Kwa sauti kubwa au kimya?

Hana alimwomba Mungu midomo ikicheza tu, sauti haisikiki, kuhani akadhani amelewa. Wengine katika Biblia walipaza sauti zao. Omba unavyoweza kuomba kwa ukweli, na kama nyumba yako imegusana na ya jirani, kumbuka naye anaamka mapema.

Na kufunga?

Kunasaidia, hasa jambo likiwa zito. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari na anayemeza dawa zinazotaka chakula afunge kitu kingine: simu, soga, redio.

Madhehebu yetu ni mbalimbali. Naweza kumwombea na kuomba pamoja na mtu wa kanisa lingine?

Katika familia moja ya kwetu unaweza kumkuta baba Moraviani, mama Mlutheri, shangazi Mkatoliki, na kijana wa mwisho ameokoka kwa Wapentekoste. Msiba ukitokea wote wanakaa turubai moja. Katika Yohana 17 Yesu aliwaombea wanafunzi wake wawe na umoja, na akawataja pia wale watakaomwamini baadaye kwa sababu ya neno lao. Ni sisi hao. Wanawake wamekuwa wakitutangulia katika hili: Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa tatu, Siku ya Maombi ya Dunia, wanakutana kutoka makanisa tofauti wakiombea nchi ambayo wengi wao hawataiona kamwe. Kama umeweza kuombea nchi ya mbali namna hiyo, mwombee na jirani anayesali kanisa lingine.

Nimemwombea mtu miaka mingi, naye yuko vilevile. Au amezidi kuharibika. Niendelee?

Swali hili huwa naulizwa kwa sauti ya chini, na karibu kila mara anayeuliza ni mzazi. Kijana alikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, namba ya simu imebadilika. Binti aliyekuwa akiongoza sifa sasa hataki kusikia habari za kanisa.

Nenda Luka 22:31-32. Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka ili awapepete kama ngano, "lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike, nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako." Aliyeomba hapo ni Bwana mwenyewe. Na bado usiku uleule Petro alimkana mara tatu. Mtu akisimama pale uani penye moto wa makaa, angesema sala imeshindwa. Haikushindwa. Yesu hakuomba Petro asipepetwe. Aliomba kitu kimoja ndani yake kisife, na kitu hicho hakikufa. Kilikuwa hai hata katika yale machozi ya jogoo alipowika.

Kwa hiyo unapomwombea mwanao, labda badala ya "Bwana, mrudishe kesho" uombe na hilo: kile ulichokipanda ndani yake kisizimike, hata kama sikioni. Mimi hilo limenisaidia kuendelea pale ambapo sala nyingine zilikuwa zimenikaukia mdomoni.

Siwezi kukuahidi utaona. Samweli aliwaambia watu waliokuwa wamedai mfalme, "hasha! nisimtende Bwana dhambi kwa kuacha kuwaombea ninyi." Hakusema ataomba mradi wabadilike. Paulo alisihi mara tatu mwiba umtoke, akajibiwa neema yatosha, mwiba ukabaki. Zipo siku utakaa kitandani na jina la mtu, huna neno, umechoka hata kulia. Warumi 8:26 inasema hapo Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kaa tu hapo. Lishike lile jina.

Na tafuta mtu wa pili. Mzigo kama huo haufai kubebwa na mzazi mmoja usiku peke yake. Yule mwenye kupooza wa Kapernaumu alibebwa na watu wanne, na ilibidi watoboe paa.

Tunaweza kubadilisha nini kwenye ibada ya jumuiya ya nyumba kwa nyumba?

Kwetu tulibadilisha jambo moja dogo. Zamani, baada ya neno, kiongozi aliuliza "mahitaji ya maombi?" na watu wakataja: safari, mtihani, kifua. Dakika mbili, sala moja, chai. Sasa tunampa mwenye nyumba dakika kumi. Anaeleza nyumba yake inapita wapi, kwa kadiri anavyopenda. Hakuna anayemkatiza wala kumpa ushauri. Hili la ushauri lilitushinda miezi miwili ya kwanza, hasa sisi wanaume. Kisha watu watatu wanaomba, mmoja baada ya mwingine, kwa mambo aliyoyasema, na kabla hatujatoka tunauliza nyumba tuliyoiombea wiki iliyopita: imekuwaje?

Wiki ya tatu baba mmoja ambaye tulimjua kwa utani tu alitumia dakika nne kunyamaza. Tulingoja. Halafu akaeleza habari ya mtoto wao wa kwanza, aliyefariki kabla hawajahamia Mbeya. Miaka kumi na moja tuko naye, hatukujua kwamba aliwahi kuwepo. Usiku ule chai ilipoa kwenye vikombe.

Daftari likijaa nifanye nini? Sitaki watu walikute.

Fanya kama yule mama. Daftari lake likijaa alinunua jipya, akahamisha kwa mkono majina ambayo bado alikuwa anayaombea, moja moja. Yaliyokuwa na neno "asante" hakuyahamisha. Kisha akachana kurasa za lile la zamani na kuwashia moto wa asubuhi, mpaka zikaisha. Nilimuuliza kama jina langu limewahi kuchomwa. Akacheka, akasema la mkwe wangu liliungua siku nyingi. Langu lilikuwa bado, alikuwa amelihamisha mara tatu.